Haki ya Mwokotaji: Uchambuzi wa Kokwa za Porini katika Arua na Koboko

Miongoni mwa bidhaa zinazopita katika masoko ya dunia ziko chache ambazo hakuna aliyezipanda, aliyezitilia mbolea wala aliyezipalilia, bali watu huamka alfajiri wakaziokota chini ya miti iliyoota yenyewe. Na bidhaa hizo, baada ya kuvuka mito, mipaka na bahari, hufika katika viwanda vya watu wasiomjua mwokotaji na ambao hawajapata kuuona mti wake. Kakao ya mwitu ya mabonde ya Amazoni ni mojawapo. Nyingine, iliyo karibu nasi na inayotuhusu zaidi, ni kokwa ya shea, inayookotwa na wanawake wa kaskazini mwa Uganda, wakiwamo wale wa West Nile, katika nyanda zinazoteremka kutoka Arua hata kingo za Nile, na katika njia zinazopanda kuelekea Koboko na mpaka wa Sudan Kusini. Makala haya yanakusudia kulitazama suala zima la kokwa hizo: mti wenyewe ni wa namna gani, kazi ya kuokota ni kazi gani, soko linataka nini, na hatari inatoka wapi, na juu ya hayo yote kuuliza swali ambalo aghalabu huachwa nyuma wakati wa kuzungumza juu ya bei na faida, nalo ni hili: mtu anayeishi kwa tunda la mti asioupanda ana haki gani katika mti huo?

Yafaa kwanza kuijua nchi. West Nile ni pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda, iliyotengwa na sehemu nyingine za nchi kwa mkondo wa Nile, ikapakana na Kongo upande wa machweo na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo la Lado lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye alipofariki mwaka 1909 eneo hilo likapewa Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, Arua ikawa makao ya utawala. Waingereza hawakuiona kuwa nchi ya mazao ya tijara, bali waliifanya ghala ya vibarua: vijana wa Kilugbara, Kialur na Kimadi walikwenda kusini kukata miwa na kulima pamba na kahawa za wengine. Baadaye ilikuja tumbaku, ambayo ilileta fedha nyumbani lakini ikataka kuni nyingi za kukaushia majani yake. Hivi leo Arua ni jiji, tangu Julai 2020, na Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hata mwaka 2005, ni mji wa Wakakwa, Wanubi na wafanyabiashara wa kila kabila, uliopo karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Katika soko lake kitu kilichookotwa nchi moja chaweza kununuliwa na mtu wa nchi ya pili ili kuuzwa katika nchi ya tatu, na hesabu yake isiandikwe popote.

Mti wa shea hauoti kila mahali katika nchi hiyo. Vilima vya Arua na Maracha, vyenye watu wengi na mashamba yaliyobanana, vina miti michache; lakini kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Rhino Camp na Madi-Okollo, au anavyotoka Koboko kushika njia ya Yumbe, ndivyo nchi inavyokuwa kavu na bapa, na ndivyo miti hiyo inavyoonekana kusimama katika makonde ya muhogo, mtama na ufuta. Ni sehemu ya ukanda mrefu unaoanzia Senegal, ukapita kusini mwa jangwa la Sahara kwa umbali wa zaidi ya kilomita 5,000, ukaishia Uganda na magharibi ya Ethiopia. Waacholi na Walango huuita yao, na watu wa Sudan Kusini huuita lulu. Tabia yake ni ya subira isiyo na kifani: huchukua takriban miaka 15 hata 20 kabla ya kuzaa mara ya kwanza, huendelea kuongeza mazao kwa miongo baada ya hapo, na waweza kuishi miaka 200 au zaidi. Kwa hiyo mti unaomlisha mjukuu leo ni mti ambao babu wa babu yake aliukuta msituni, na mwenye kuukata hawezi kuurudisha katika umri wake.

Hapa pana jambo ambalo likikosewa, uchambuzi wote hukosewa. Huambiwa kuwa mti huu ni wa porini, na kutokana na kauli hiyo watu hudhani kuwa ni mali isiyo na mwenyewe, neema iliyomwagwa na Mungu pasipo kazi ya binadamu. Ni kweli kwamba haupandwi. Popo hula nyama ya tunda na kuidondosha kokwa mbali na mti mama, nayo huota mara moja, kwa kuwa mbegu yake haiwezi kuhifadhiwa muda mrefu. Lakini kila mkulima anayefyeka kichaka ili alime huamua upi wa kuuangusha na upi wa kuuacha, na tangu zama za kale wakulima wa ukanda huu wameikata miti mingine na kuuacha wa shea, hata mashamba yao yakawa mbuga za miti mikubwa iliyotawanyika juu ya mazao. Kichaka kilichopumzishwa miaka kadhaa hutoa miche, na jembe linaporudi huchagua tena. Kuuacha mti usimame, ilhali kivuli chake hupunguza mtama na mizizi yake huzuia jembe, si uvivu wala sadfa; ni kazi iliyofanywa na vizazi, na kila kazi huzaa haki.

Ushahidi wa ukale wa kazi hiyo tunao kutoka kwa msafiri ambaye watu wa pwani yetu wanamjua vizuri. Ibn Battuta, aliyetia nanga Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuieleza miji hiyo, alisafiri mwaka 1352 kupitia jangwani hata dola ya Mali, na katika habari za safari hiyo anasimulia tunda tamu ambalo kokwa yake ilitwangwa ikatoa mafuta ya kupikia, ya kuwashia taa, ya kujipaka mwilini, na ya kuchanganya na udongo kwa kukandikia nyumba. Wataalamu wengi wameafikiana kuwa ndilo tunda la shea. Mskoti Mungo Park aliyapata mafuta hayo mwaka 1796 katika nchi ya Wabambara, akayasifu kuwa hukaa mwaka mzima bila kutiwa chumvi, na jina lake likaingia katika jina la kisayansi ambalo mti huo ulipewa zamani. Tangu hapo hata sasa matumizi ya nyumbani hayakubadilika sana. Katika West Nile mafuta haya hutiwa katika maharage, kisamvu na mboga nyingine, hupakwa watoto wachanga na ngozi iliyokauka, na hutumiwa kuwachua wenye maumivu. Na tunda lenyewe huliwa wakati hasa wa dhiki, kwani huanza kuiva mwezi wa Aprili na kuendelea hata katikati ya mwaka, ghala zikiwa tupu na mazao mapya yangali mabichi shambani.

Kuokota ni kazi ya wanawake na watoto. Matunda huanguka yenyewe usiku, na kwa kuwa mbuzi, nguruwe na jirani nao huyataka, mwanamke huondoka kabla ya mwangaza na beseni kichwani, akapapasa majanini mahali ambapo nyoka naye amejificha. Akirudi ana safari nyingine ndefu mbele yake: nyama ya tunda huliwa au huondolewa, kokwa huchemshwa ili zisiote wala zisichache, huanikwa juani siku nyingi, na ole wake mvua ikinyesha, kwani mavuno haya huja katikati ya masika, kisha huvunjwa ganda, viini vikachaguliwa, vikakaangwa, vikatwangwa au kusagwa hata vikawa uji mzito wa rangi ya hudhurungi, ukatiwa maji, ukapikwa, na mafuta yakaenguliwa juu yake. Karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, lakini mkono hauwezi kuyatoa yote, na kuni na maji yanayotumika ni mengi. Fauka ya hayo, kazi yote hii huangukia miezi ile ile ya kupanda na kupalilia, hata saa ya kokwa ni saa iliyoibwa katika usingizi. Mtu akitaja bei ya lita moja ya mafuta bila kuzitaja saa hizi, hakutaja bei yake.

Sasa tuitazame kakao, maana mazao haya mawili ni jamaa zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kakao si mti wa asili wa Afrika. Ililetwa katika visiwa vya Ghuba ya Guinea katika karne ya 19, ikaenea Ghana na Ivory Coast. Uganda iliipata mwaka 1901 katika bustani ya mimea ya Entebbe, na leo wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori, ndiyo mashuhuri kwa zao hilo, kama vile Beni ilivyo upande wa pili wa mpaka, katika Kongo, na Kyela huku Tanzania. Hiyo yote ni kakao iliyopandwa. Kakao inayookotwa hubaki kwao, katika Amazoni, na mfano wake bora ni nyanda za Beni nchini Bolivia, ambako maji hufunika nchi kila masika, na miti ya kakao imesimama kwa maelfu juu ya visiwa vya msitu vilivyoinuka katikati ya mafuriko. Wenyeji wa Baures na vijiji vya jirani huingia humo wakati wa mvua, wakachuma maganda, wakatoa mbegu ndogo kuliko za kakao iliyopandwa, wakazichachusha na kuzikausha. Na chokoleti yake huuzwa Ulaya kwa sifa ya ladha yake ya mwitu. Nako huko, kama West Nile, mti uliitwa wa porini ijapokuwa mikono ya watu wa kale ilikuwa na sehemu katika kuueneza.

Lakini udugu wa shea na kakao hauishii katika mfano. Chokoleti hutengenezwa kwa mafuta ya kakao, na mafuta hayo ni ghali. Ndipo viwanda vikatafuta mafuta mengine yenye tabia iliyo karibu nayo. Baada ya mabishano ya miaka mingi kati ya nchi zilizoona kuwa kufanya hivyo ni kughushi na zile zilizoona kuwa ni hekima, Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwaka 2000 agizo, lililoanza kutumika Agosti 2003, likiruhusu mafuta ya mimea sita, na shea ni mmojawapo, kutiwa katika chokoleti kwa kiasi kisichozidi asilimia 5. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kokwa za shea zinazotoka Afrika huishia katika chokoleti na vyakula vya namna hiyo, si katika vikopo vya kupaka, ingawa ni vikopo vya kupaka vinavyoitangaza. Mwanamke wa kijiji na mlaji wa chokoleti wa Ulaya wameunganishwa na kokwa moja, na hakuna kati yao ajuaye.

Hata hivyo, bahati hiyo ya chokoleti imeiangukia Afrika ya Magharibi kuliko Uganda, na sababu yake i katika mafuta yenyewe. Mti wa Ghana na Burkina Faso na mti wa Nile ni ndugu wa mbari mbili. Mafuta ya Magharibi ni magumu, yana sehemu kubwa ya asidi ya steariki, ambayo ndiyo chokoleti huitaka ili isiyeyuke upesi. Mafuta ya Nile ni laini, zaidi ya nusu yake ni asidi ya oleiki, hata katika joto la mchana wa Arua huwa kama mafuta ya kumiminika. Kwa kupikia na kwa ngozi ulaini huo ni fadhila. Kwa mtengeneza chokoleti ni upungufu. Kwa hiyo soko la shea ya Uganda ni dogo, la watengenezaji wa sabuni na mafuta ya mwilini wanaotafuta kitu adimu, na ni soko la mbali, kwani mzigo wa Koboko husafiri zaidi ya kilomita 500 hata Kampala, kisha huelekea Mombasa, ilhali mzigo wa Ghana una safari fupi zaidi hata bandarini. Yeyote atakayewaahidi wanawake wa West Nile kwamba chokoleti ya dunia itawatajirisha kesho hatakuwa amewatendea insafu.

Soko hilo dogo lina masharti, na masharti yake yanastahili kuelezwa kwa uadilifu. Kokwa iliyolala siku nyingi katika unyevu hutoa mafuta machungu. Iliyokaushwa juu ya moshi hukataliwa na wanunuzi wa nje. Na anayetaka cheti cha zao la asili lazima athibitishe kwamba eneo la kuokotea halikupigwa dawa za viwandani kwa muda wa miaka mitatu. Masharti haya si mabaya, na kwa kweli yanaipa thamani nchi ambayo umaskini wake uliinyima dawa hizo. Ila kila sharti hutaka mtu wa kulitimiza: turubali za kuanikia, ghala kavu, daftari, kikundi chenye katibu na akaunti. Kikundi kikiwapo, faida ya ubora humfikia mwokotaji. Kisipokuwapo, humfikia dalali anayepita na gunia lake akanunua kokwa mbichi kwa bei ya shida. Mashine ya kukamua nayo yapasa kutazamwa kwa macho mawili. Hupunguza kuni na maumivu ya mgongo, na hutoa mafuta zaidi. Lakini katika sehemu nyingi za ukanda wa shea mashine inapoingia, kazi iliyokuwa ya wanawake hupata meneja mwanamume, na mwanamke akarudishwa katika kuokota tu, sehemu yenye jasho jingi na malipo machache.

Tukiacha soko, tunakutana na adui ambaye soko haliwezi kumshinda peke yake, naye ni makaa. Mti wa shea ni mgumu, makaa yake huwaka kwa moto mkali na hudumu. Na miji ya Uganda, kuanzia Arua yenyewe hata Kampala, hupika kwa makaa. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilitiwa lami, na hakuna awezaye kuilaumu barabara, kwani ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali na kokwa sokoni. Lakini lori halibagui mzigo. Mti uliozaa miaka 100 huangushwa asubuhi moja, ukazikwa chini ya udongo na majani, na baada ya siku chache umekuwa magunia yanayoelekea daraja la Pakwach. Hesabu ya mwenye shida ni rahisi kuielewa: kokwa huleta fedha kidogo kidogo kila mwaka, tena baada ya kazi ndefu, makaa huleta fedha mara moja, siku ambayo karo ya shule inadaiwa au mgonjwa yu kitandani. Haifai kumdhania mtu huyo kuwa ni mpumbavu au mwovu.

Juu ya hayo yamekuja majaliwa ya vita vya jirani. Watu wa West Nile wanayajua maisha ya ukimbizi, kwani baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979 maelfu yao walivuka mipaka ya Sudan na Zaire na kuishi huko miaka mingi. Mapigano yalipozuka upya katika Sudan Kusini mwaka 2016 mkondo ukageuka: makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Yumbe mwezi wa Agosti, na katika miezi michache yakawa na watu zaidi ya 200,000; Rhino Camp ikapanuka, Imvepi ikafunguliwa mwaka 2017, na Koboko ilikuwa tayari na makazi ya Lobule kwa Wakongo. Makazi hayo, isipokuwa Lobule, yamo katika nyanda zile zile za shea. Kila familia ilihitaji nguzo za kujengea na kuni za kupikia, na miti ikapungua mbele ya macho ya wenyeji. Lakini itakuwa dhuluma kuwatupia wageni lawama yote. Wengi wao wanatoka nchi ambayo mti huu huheshimiwa na mafuta yake hupikwa; wanajua kuokota, kuchemsha na kuengua sawasawa na wenyeji wao. Wakipewa ruhusa ya kuokota na sehemu ya kusema, watakuwa walinzi wa mti. Wakinyimwa yote mawili, hawatakuwa na njia nyingine ila shoka.

Ndipo tunaporudi kwa swali la haki, ambalo kwa rai ya mwandishi huyu ndilo fundo la mambo yote. Katika mila za nchi hiyo ardhi ni ya ukoo, na hugawiwa wanaume wa ukoo. Mwanamke aliyeolewa hulima shamba la mumewe na huokota matunda ya miti iliyo humo. Vichakani, nje ya mashamba, yeyote wa ukoo huweza kuokota. Tunda basi ni la mwanamke, lakini shina ni la mwanamume. Maadamu mti haukuwa na thamani nyingine ila tunda lake, mgawanyo huo haukudhuru mtu, kwa kuwa mwenye shina hakuwa na sababu ya kulikata. Siku makaa yalipopata bei, mgawanyo ukageuka kuwa upanga: mwenye shina anauza, na mwenye tunda anaamka alfajiri na kukuta kisiki. Mama aliyeokota chini ya mti mmoja miaka 30 hana mahali pa kushtaki, kwani mbele ya wengi hakuna kilichokuwa chake.

Watu wa pwani hawatashangazwa na wazo la kutenganisha mti na ardhi. Unguja na Pemba imekuwa kawaida ya tangu zamani mtu kumiliki mikarafuu au minazi juu ya kiwanja cha mwingine, akairithisha, akaiuza, na hata akaitolea wakfu, na mwenye ardhi hana idhini ya kuigusa. Ikiwa shina laweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye udongo, basi tunda nalo laweza kuwa na mwenyewe ambaye ridhaa yake ni lazima kabla ya shina kuguswa. Wenyeji wa Beni ya Bolivia waliielewa hoja hii kwa njia yao: mwaka 1990 walitembea kwa miguu kutoka Trinidad, mji mkuu wa Beni, hata La Paz, mamia ya kilomita na milima mirefu, wakidai ardhi zao za jadi, na sheria ya ardhi ya Bolivia ya mwaka 1996 ikaweka njia ya milki ya pamoja ya jamii. Penye milki hiyo mwokotaji wa kakao huingia msituni kama mtu anayeingia kwake; pasipo nayo huingia kwa hisani ya mwenye ranchi ya ng'ombe.

Sheria za Uganda zina mlango ambao haujafunguliwa hata nusu. Katiba ya 1995 imeitambua milki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya 1998 imeruhusu jamii kuunda jumuiya ya ardhi ya pamoja, imebatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, na imedai ridhaa ya mume au mke kabla ya ardhi inayowakimu kuuzwa au kuwekwa rehani. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 imetambua misitu ya jamii na kumpa waziri uwezo wa kuitangaza aina ya mti kuwa ya kuhifadhiwa. Yote haya ni mema. Lakini ridhaa ya mke imesemwa juu ya ardhi, si juu ya mti kwa jina lake, na mwenye kuuza miti 10 ya shea kwa mchoma makaa aweza kusema kuwa hakuuza ardhi hata shubiri moja.

Wako watakaosema kuwa dawa ni marufuku, na marufuku imejaribiwa: Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kuzuia ukataji wa miti kwa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Amri hiyo ilikuwa ya lazima, na ilisema wazi jambo ambalo wengi walilinong'ona. Lakini marufuku humtegemea mlinzi wa njiani, na mlinzi wa njiani aweza kulala au kuhongwa, ilhali mwenye haki hulinda mchana na usiku bila mshahara. Wengine watasema tupande, na vituo vya utafiti vya kaskazini vimejaribu kupandikiza vikonyo ili mti uzae mapema zaidi. Hiyo nayo ni kazi ya kutiliwa nguvu. Walakini nani atakayepanda mti wa miaka mingi katika ardhi ambayo hawezi kuzuia usikatwe? Na wako watakaosema kuwa bei nzuri itamaliza yote. Bei ni muhimu, lakini bei pasipo haki humvuta mwenye nguvu: kokwa zikiwa ghali, mwenye shina atayadai matunda aliyokuwa hayatazami jana.

Kwa hiyo hukumu ya uchambuzi huu ni kwamba kuuacha mti ni kazi, kuokota ni kazi, na mwenye kazi hizo anastahili sauti katika maisha ya mti. Wazee wa koo za Walugbara, Wakakwa, Waaringa na Wamadi wana mamlaka ya kuamua, bila kungoja Bunge, kwamba hakuna mti wa shea utakaoangushwa katika ardhi ya ukoo isipokuwa kwa ridhaa ya wanawake wanaouokotea. Mabaraza ya wilaya za Arua, Koboko, Terego, Madi-Okollo na Yumbe yana uwezo wa kuyatia maamuzi hayo katika sheria ndogo. Bunge nalo laweza kuongeza neno moja katika Sheria ya Ardhi, ili ridhaa inayotakiwa kwa ardhi itakiwe pia kwa miti inayoikimu familia. Wanunuzi wa Ulaya na Kampala wanaosifu zao la asili nao wajiulize, kabla ya kuuliza asilimia ya asidi, kama mwanamke aliyeleta gunia ana haki ya kuzuia shoka. Mti wa shea huchukua miaka 15 hata 20 kuzaa, na waamuzi wengi wa leo hawatakula tunda la mche utakaoota mwaka huu. Tunda hilo ni la watoto wa Arua na Koboko ambao bado hawajazaliwa, na sisi tulio hai tumewekewa amana yao. Tuirudishe ikiwa nzima.